Hakuna hata futi moja

Kimesambazwa tena. Kipande cha dakika mbili hivi, nyeusi na nyeupe: wanawake watatu mbele ya kioo, mmoja anakata nywele zake, kisha kizuizi cha askari, kisha mkahawa uliojaa vijana. Juu yake pameandikwa "picha halisi za vita vya Algeria, 1956". Chini yake watu wanastaajabu jinsi mpiga picha alivyokuwa jasiri.

Mpiga picha huyo anaitwa Marcello Gatti, na ujasiri wake ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Hiyo ni La battaglia di Algeri, yaani Mapigano ya Algiers, filamu ya Mwitaliano Gillo Pontecorvo, iliyotoka 1966 na kuchukua tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice mwaka huohuo. Ilipofika Marekani ilibandikwa tangazo mwanzoni kwamba ndani yake hamna hata futi moja ya mkanda wa habari wala ya filamu ya matukio halisi. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ni fremu 16, yaani theluthi mbili ya sekunde. Filamu nzima ni dakika 121, kama futi 10,890 hivi. Katika hizo zote hakuna hata moja ya habari, na bado mtu anakuja na "picha halisi".

Najua wengi husema hivyo kwa kusifu. Ndiyo maana inaniudhi. Ukisema seremala ameokota kiti msituni hujamsifu seremala.

Kwa asiyeiona, kwa haraka: hadithi inafuata mapambano ya FLN, chama cha ukombozi cha Algeria, na Wafaransa mjini Algiers, kati ya 1954 na 1957, na mwishoni inaruka hadi maandamano ya Desemba 1960. Kwa lugha ya kibanda umiza, stelingi ni Ali la Pointe, kijana wa mtaani aliyegeuka mpiganaji. Inaanza stelingi akiwa amejibanza nyuma ya ukuta wa vigae, na nje askari wa miamvuli wameshaizingira nyumba. Halafu inarudi nyuma miaka mitatu. Aliyezoea kwamba stelingi hafi, ajiandae: Ali wa kweli alilipuliwa humo mafichoni tarehe 8 Oktoba 1957, pamoja na Hassiba Ben Bouali na mtoto aliyeitwa Petit Omar.

Sasa turudi kwenye kile kipande. Kuna swali moja ambalo sisi wahariri, tunaokata picha, hulitumia kila siku, na mtu yeyote anaweza kulitumia bila kusomea: aliyeshika kamera amesimama wapi, na alijuaje kwamba asimame pale?

Jaribu mkahawani. Mwanamke ameketi kaunta, tunamwona uso. Anageuza macho, picha inakatwa, tunaona anachokiona: wanaume wanaokunywa, vijana, mtoto mdogo anayelamba aiskrimu. Picha inakatwa tena, tumerudi usoni kwake. Analisukuma kapu lenye bomu kwa mguu, na kamera iko tayari kuliona. Mkanda wa habari ungehitaji mtu aliyekaa karibu na bomu, anayejua kuwa ni bomu, aliyeweka lenzi yake kwenye kapu, halafu akahama upande wa pili wa chumba kuchukua uso wa mwanamke kwa mwanga uleule, halafu akampiga mtoto wa aiskrimu kwa mstari wa macho unaolingana na ule wa mwanamke. Bila kumwambia mtu yeyote atoke nje. Huyo si mpiga picha, ni mshiriki.

Siku yenyewe, 30 Septemba 1956, mabomu matatu yalitegwa mjini na mawili yakalipuka, moja kwenye mkahawa wa Milk Bar na jingine kwenye ule wa Cafeteria. Picha za kweli za tukio kama hilo siku zote huanza vumbi likiwa limeshapanda. Kamera ya habari hufika imechelewa, hiyo ndiyo asili yake. Ukiona kamera iliyowahi, mtu aliipanga.

Lakini, na hapa ndipo utamu ulipo, Pontecorvo na Gatti waliijua asili hiyo ya kuchelewa na wakaiiga pale tu inapowafaa. Angalia shoti za barabarani na za umati. Lenzi ni ndefu, kamera iko mbali, bega la mtu linapita mbele na kuziba robo ya fremu, umati unabanana kama dagaa kwa sababu lenzi ndefu huusogeza umbali ukawa bapa. Jambo linatokea pembeni na kamera inageuka nusu sekunde baadaye, kama mtu aliyeshtuka. Kisha inakuja shoti ya uso wa Ali, karibu kabisa, fokasi kali, hakuna kilichochelewa hata kidogo. Macho yako yalishaamini kwa sababu ya zile shoti kumi za mbali, basi ya kumi na moja unaimeza bila kutafuna.

Kuhusu ule ukwaruzo wa picha. Nimesoma mara nyingi kwamba "kamera zilikuwa mbovu enzi zile". Hapana. Mwaka 1965 Waitaliano walikuwa na kamera, lenzi na mikanda ya kutoa picha laini kama hariri. Ukwaruzo ule ulitafutwa kwa majaribio kabla ya kuanza kazi, na ulipatikana maabara. Negativu ya kwanza ilichapwa kuwa picha chanya, kutoka kwenye hiyo chanya ikatolewa negativu ya pili, na nakala za sinema zikachapwa kutoka kwenye hiyo ya pili. Njia hiyo yenyewe haikuwa ngeni, kila filamu ya kusambazwa ilitolewa nakala. Tofauti ni kwamba maabara hufanya kila liwezekanalo kuficha hasara ya kunakili, na hawa waliitafuta. Kila kizazi cha nakala hula rangi za kati, yale majivu kati ya nyeusi na nyeupe, na huongeza punje, vile vijidoa vya mkanda. Kontrasti inapanda. Nyeupe inakimbilia kuungua, nyeusi inakimbilia kuwa lami.

Ndiyo sababu huwezi kuanza na jua kali. Jua la Algiers adhuhuri halina tofauti kubwa na la Tanga: kati ya uso ulio juani na ukuta ulio kivulini kuna stopu tatu hadi nne, na kila stopu ni mwanga maradufu. Ukiipeleka picha hiyo kwenye nakala mbili, uso unakuwa sahani nyeupe yenye mashimo mawili ya macho. Kwa hiyo walilikwepa jua. Vichochoro vya Kasba, mji mkongwe wa Algiers, ni vyembamba na vina kivuli chake, na pale jua lilipochungulia walitandaza vitambaa vikubwa juu kulichuja. Mwanga mlaini wakati wa kupiga, ukali baadaye maabara. Ukigeuza mpangilio huo umepotea.

Na karibu kila anayeiiga leo anaugeuza. Hapa sitafupisha.

Mtu anatoka saa sita mchana na simu, anapiga shoti safi juani, anatoa rangi, anapandisha kontrasti hadi mwisho, anabandika punje za kununua juu yake, kisha anaitikisa simu kwa makusudi. Matokeo ni uji. Kosa la kwanza ni mwanga, nimeshalisema: subiri wingu, au piga barazani, au tandika shuka juu ya uchochoro. Kosa la pili ni lenzi pana ya simu, ambayo inakulazimisha umsogelee mtu mpaka akuone. Unataka lenzi ya milimita 85 hadi 200 kwa kamera ya fremu kamili, na mita 10 au 15 kati yako na mtu, ili watu wengine wapite katikati. Hao wapita njia ndio nusu ya kazi. Kosa la tatu ni shata, muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Simu juani hujiwekea yenyewe 1/1000 ya sekunde, na mwendo unakuwa wa kukatakata kama mdoli. Ishike kwenye 1/50 ukipiga fremu 24 au 25, na kama mwanga umezidi funika lenzi kwa kichujio cheusi, usikimbilie shata.

La nne ndilo linalonikera kuliko yote: kutikisa. Gatti hatikisi kamera. Anajitahidi isitikisike, na inamshinda kidogo. Kamera ya milimita 35 yenye kasha la mkanda ni kilo kadhaa begani, kwa hiyo mtikisiko wake ni mzito na wa polepole, unafuata pumzi na hatua. Simu ya gramu 200 hutetemeka harakaharaka kama ya mtu mwenye homa, na jicho linaijua tofauti hiyo hata kama mwenyewe hajui kwamba anaijua. Funga simu kwenye fremu ya chuma, ongeza kilo mbili, halafu jitahidi kutulia. Usipoweza kutulia kabisa, umefaulu.

Punje ziwe jambo la mwisho kabisa, baada ya kupunguza ukubwa wa picha na kabla ya kutoa faili. Ukizitia kwenye picha kubwa kisha ukaipunguza, zinayeyuka zote.

Basi, hayo ni ya picha. Waigizaji. "Hawakuwa waigizaji, kwa hiyo hawakuigiza." Huu nao ni uongo unaotembea na miguu yake. Ni kweli kwamba Brahim Haggiag, anayemcheza Ali, hakuwa mwigizaji wa kazi, na kwamba karibu wote walichaguliwa kwa sura. Lakini asiyejua kuigiza anahitaji kushikwa mkono zaidi kuliko anayejua. Unamkatia tendo vipande vifupi, unamwonyesha pa kusimama na pa kutazama, unarudia mpaka aache kufikiri kuhusu kamera. Halafu sauti yote ikatengenezwa baadaye studio, kama Waitaliano walivyozoea, yaani hata kile kikohozi unachokisikia kimewekwa. Tazama Ali anavyopigwa: uso, geuko, uso. Mara chache sana anapewa sentensi ndefu. Huo si uhalisi uliojitokeza wenyewe, ni mwongozaji anayejua mtu wake anaweza nini.

Wa kazi alikuwa mmoja mkubwa, Jean Martin, mtu wa jukwaa aliyecheza katika onyesho la kwanza la Waiting for Godot mjini Paris mwaka 1953. Mwaka 1960 alitia saini tamko la watu 121 lililotetea haki ya Wafaransa kukataa kwenda vitani Algeria. Ndiye Kanali Mathieu, kamanda wa askari wa miamvuli, na yeye ndiye anayepewa sentensi ndefu, za mantiki, zilizonyooka. Mathieu hakuwahi kuwapo. Ameunganishwa kutoka kwa maofisa kadhaa, Massu na Bigeard wakiwamo. Upande wa pili yupo Yacef Saadi, aliyekuwa kiongozi wa kweli wa FLN Algiers, akakamatwa Septemba 1957, akaandika kumbukumbu zake gerezani, kisha akaja kuwa mmoja wa watayarishaji wa filamu hii na kumcheza mtu ambaye ni yeye mwenyewe kwa jina jingine. Sasa niambie, mkanda gani wa habari una mambo hayo?

Hapo pia ndipo mashaka yangu yanapoanzia. Filamu iliyotayarishwa na mmoja wa wapiganaji haiwezi kuona kila kitu. Ugomvi wa damu kati ya FLN na MNA ya Messali Hadj, chama kingine cha Waalgeria waliotaka uhuru, haumo. Vitabu vya mafunzo hupenda kusema filamu hii "haina upendeleo", nami sijui waliona nini. Ina upande, na haiufichi. Inachofanya ni kukataa kumdhihaki adui, na hilo ni jambo jingine.

Shaka la pili ni lile tukio la kioo, ambalo kila mwalimu wa filamu hulisifu. Wanawake watatu wanavua haiki, lile shuka jeupe la kujifunika, wanajipamba kama Wazungu ili wapite kizuizini. Hawasemi neno. Inapigwa ngoma tu, ile ya mitaani iitwayo baba salem, na inapanda. Nimelikata na kulipanga upya kichwani mara nyingi na nabaki na mawazo mawili. Ngoma inalipa tukio nguvu ambayo maneno yangeiharibu, hilo nakubali. Lakini pia ukihesabu sentensi walizopewa wanawake ndani ya dakika 121 zote, halafu ukahesabu za Mathieu, utaona aibu kidogo. Nyuso zao tunazijua kuliko mawazo yao. Inawezekana yote mawili ni kweli kwa pamoja, na mimi sijapata namna ya kulimaliza.

Kwa sauti, msikilizaji wa Kiswahili ana bahati ambayo mtazamaji wa Paris hana: anavijua vigelegele. Masikio yetu yanasikia harusi. Kwenye filamu vinatoka juu ya mapaa ya Kasba usiku, huwaoni wanaopiga, na Wazungu wanavisikia kama kelele zisizo na maana. Mwishoni sauti ya mwandishi wa habari inavitaja hivyo hivyo, kilio kisichoeleweka. Wewe unaelewa. Muziki ni wa Ennio Morricone na Pontecorvo mwenyewe, na kuna uamuzi mmoja humo ambao ningemfundisha kila mhariri: bomu la polisi likilipua nyumba za Kasba, maiti wanatolewa kwa muziki fulani wa huzuni, na mkahawa wa Wazungu ukilipuka, maiti wanatolewa kwa muziki uleule. Hakuna msimulizi anayetuambia lolote kuhusu hilo.

La Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani, nitalipitia haraka, maana nalo linanifikia kila mwezi. Ndiyo, iliwahi kuonyeshwa pale Agosti 2003, Wamarekani wakiwa Iraq. Hapana, haiwi mwongozo wa kijeshi kwa sababu hiyo. Jikoni napo kuna kisu.

Jinsi ya kuitazama. Tafuta nakala iliyosafishwa, ile ya 2016. Jiepushe na zilizotiwa rangi, jiepushe na zilizovutwa kujaza skrini, umbo lake ni 1.85 kwa 1 na mistari myeusi miwili ni haki yake. Faili la MB 700 kwa dakika 121 linakupa chini ya megabiti moja kwa sekunde, na punje ndicho kitu kigumu kuliko vyote kubana, kwa hiyo zinageuka vigae vya mraba na moshi unakuwa ngazi. Usilaumu filamu kwa hilo. Kwenye televisheni ingia menyu ya picha uzime kila kitu kinachojiita kisaidizi: kile kinacholainisha mwendo na kufanya kila kitu kionekane kama tamthilia ya mchana, na kile kinachopunguza punje. Ukali wa picha uteremshe karibu na sifuri. Tafsiri ya maandishi ni bora kuliko ya kusimuliwa juu, kwa sababu watu wanabadili lugha kati ya Kiarabu na Kifaransa kutegemea nani yupo mbele yao, na msimulizi wa kibandani, hata awe hodari vipi, atakuzibia hilo pamoja na ngoma.

Picha halisi za vita vile zipo, kwa anayezitaka. Zipo za Larbi Ben M'hidi, mmoja wa viongozi wa FLN, baada ya kukamatwa, Februari 1957: amefungwa pingu, amezungukwa na askari wa miamvuli, anatabasamu. Siku chache baadaye ilitangazwa kwamba amejinyonga. Mwaka 2001 Jenerali Mfaransa Paul Aussaresses alikiri kwamba walimnyonga wao, na Novemba 2024 Rais wa Ufaransa akakubali rasmi kwamba aliuawa na askari wa Kifaransa. Kamera ya kweli ilikuwapo, ikachukua tabasamu.

Na Pontecorvo aliliweka jambo hili ndani ya filamu yenyewe, kwa hiyo hakuna kisingizio. Mathieu akishafika Algiers anawakusanya maofisa wake gizani na kuwaonyesha mkanda. Ni mkanda wa polisi, uliopigwa kwa kamera zilizofichwa kwenye milango ya Kasba: watu wanapita kizuizini, wanapekuliwa, wanaruhusiwa. Anawaambia mikanda hiyo ilichukuliwa karibu na saa za mashambulizi, kwa hiyo waliotega mabomu wamo humohumo mnamotazama. Ni yupi? Wanatazama. Wanaume, wanawake wenye haiki, masanduku yanafunguliwa na kufungwa. Mathieu anasema kwa kejeli kwamba mikanda hii inafaa kuonyesha jinsi njia fulani zisivyofaa. Taa zinawashwa, anachukua chaki, anakwenda ubaoni na kuanza kuchora pembetatu.

Ukilitazama tena tukio hilo, hesabu muda ambao mkanda wa polisi unachukua skrini nzima bila Mathieu kuonekana. Kwa muda huo wewe nawe unatafuta kapu.